Komba Kwenye Ukuta wa Shule

Hotuba ya mchoraji wa kuta kwa wazazi, walimu na wachoraji vijana, Dar es Salaam

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, walimu, wazazi, mafundi rangi wenzangu, na ninyi wanafunzi mliokaa chini hapa mbele, itifaki imezingatiwa. Wakubwa, shikamooni.

Mwalimu mkuu ameniomba nieleze kwa nini ukuta huu wa hatua arobaini, unaotazama barabara iendayo Pugu, tumeuchora komba na popo badala ya simba na twiga. Nimekubali haraka, maana swali hilo nimeulizwa na karibu kila aliyepita hapa wiki nzima.

Kwanza wenye noti mfukoni wazitoe wazitazame. Ya shilingi 2,000 ina simba. Ya 5,000 ina kifaru. Ya 10,000 ina tembo. Wanyama hawa tunapeana mkono kwa mkono sokoni na kwenye daladala, na siku ya mechi ya watani nusu ya mji huu inajiita Simba. Twiga ndiye mnyama wa taifa. Mtoto wa Dar es Salaam wa miaka saba anawajua wote wanne kwa majina, ingawa hajawahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Sasa mtoto huyohuyo analala kila usiku karibu kabisa na mnyama wa porini wa kweli, anamsikia akilia, na ukimuuliza ni nani yule, atakwambia ni jini.

Jumanne nilikuwa juu ya ngazi, dereva wa bajaji akasimama pale kwenye mtaro. Akaniambia, "Fundi, mbona unatuchorea panya mkubwa hivyo?" Nikamjibu kwamba si panya, ni komba. Akauliza komba ndiyo nini. Nikamwambia, "Kaka, hujawahi kusikia usiku kitu kinalia juu ya mwembe kama mtoto mchanga aliyetupwa?" Akanyamaza. Akazima bajaji. Akanieleza kwamba mke wake amekuwa akilala na dua mdomoni kwa ajili ya sauti hiyo, na kwamba walishazungumza na mtu wa msumeno aje aukate mwembe wao. Mwembe unaozaa, jamani, wenye kivuli cha kutosha familia tatu. Alhamisi alirudi na mke wake. Mama yule alisimama mbele ya mchoro kwa muda mrefu, akaweka kiganja chake juu ya kiganja cha komba pale ukutani, akasema, "Kumbe ana vidole kama vyetu."

Kwa hilo peke yake, rangi yote iliyotumika hapa imelipa.

Huyu komba mkubwa wa pwani ni jamii moja na nyani na tumbili, na kwa mbali ni jamii yetu sisi. Mchana hujificha penye majani mazito, usiku hutoka kutafuta matunda, wadudu na utomvu wa miti. Wagema wa mnazi wanamjua kuliko sisi wote, maana huwapandia minazi akanywa tembo kibuyuni kabla ya mwenyewe kuamka. Na wanafunzi, jambo hili mtalipenda: komba hujikojolea viganjani na nyayoni, kisha ndipo hurukaruka kwenye matawi. Wataalamu wanasema huacha harufu yake njiani, na pengine unyevu ule humsaidia kushika tawi. Msijaribu nyumbani.

Lakini mimi mwenyewe nilimkosea. Nilichora kwa picha niliyoiona kwenye simu, nikampa masikio mawili yaliyosimama kama ya sungura. Usiku ule mzee wetu mlinzi, ambaye amekaa lango hili miaka mingi, akaja na tochi, akautazama ukuta, akatikisa kichwa. "Kijana, huyu si yule. Yule akishtuka hukunja masikio moja moja, kama mtu anavyokunja mwavuli." Nilimwomba anieleze zaidi, naye akakaa kwenye kiti chake akaniambia mambo ambayo picha ya simu haikuwa nayo: wanatoka saa ngapi, wanaanzia mti gani, mama hubebaje mtoto kwa mdomo. Asubuhi nikachukua kikwangulio, nikakwangua sikio la kushoto mpaka kwenye plasta, nikalichora upya likiwa limejikunja. Mkitoka hapa nendeni mkalitazame. Hilo sikio ni la mzee, mimi nimeshika brashi tu.

Nimekaa sana kwenye habari hii kwa sababu ndiyo ombi langu kwenu leo: tuwachore ukutani wale wanyama wanaoishi kwenye kata yetu hii, na tuwachore kwa maneno ya watu wanaowaona. Mnyama asiye na jina hana wa kumtetea. Mtu akisema "kata mti, kuna jini," hakuna atakayebisha. Akisema "kata mti, kuna komba," tayari kuna mtoto mmoja atakayeuliza, je, komba ataenda wapi?

Kazi hii ina mwanzo mjini hapahapa. Mnamjua Edward Saidi Tingatinga. Alizaliwa Tunduru mwaka 1932, akapita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, akaja Dar es Salaam kutafuta riziki kama wengi wetu. Mwaka 1968 alianza kuchora. Hakuwa na turubai wala rangi za dukani za wasanii. Alichukua vipande vya mbao laini za kuwekea dari na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli, akachora chui, ndege, nyati, na picha zikauzwa pale Oysterbay, barazani mwa duka, kwa watu wanaopita. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka 40. Miaka minne tu ya kazi! Na leo jina lake ni jina la mtindo mzima wa uchoraji, unaofahamika hata Japani na Ulaya.

Ninaposema tumerithi kwake, nazungumzia vitu viwili. Kwanza, ile rangi ya baiskeli. Inang'aa, inashika, inastahimili mvua, na fundi yeyote wa mtaani anaijua. Pili, ule ujasiri wa kumchora mnyama akiwa amejaza ubao mzima, macho yakikutazama. Kitu kimoja lakini kimetuponyoka njiani. Chui wa Tingatinga aligeuka bidhaa ya mgeni. Tunamchora, tunamkunja, anaingia kwenye sanduku, anapanda ndege. Nimefanya kazi hiyo miaka kadhaa, imenilisha, sitaitukana. Ila siku moja nilihesabu kwamba nimechora twiga zaidi ya mia tatu na hakuna hata mmoja aliyebaki mtaani kwangu. Watoto wangu hawajawahi kuchelewa shule kwa sababu walisimama kutazama picha yangu. Ndipo nikaanza kutafuta kuta.

Na kuta tunazo. Mji huu kwa sensa ya mwaka 2022 una watu 5,383,728, na kila mtu amezungushia ukuta. Kinachoandikwa juu yake ni nini? "Usikojoe hapa, faini 50,000." Namba ya simu ya fundi wa mabomba. Alama nyekundu ya X, kwamba ukuta utabomolewa. Vijana wa chata, wale wachoraji wa grafiti, wametuonyesha kwa miaka mingi kwamba ukuta unaweza kusema zaidi ya hapo, na wengine wenu mko hapa leo, nawasalimu.

Sasa twende Pugu, maana ndiko barabara hii inakoelekea. Wengi wenu mnapita pale kwa treni ya umeme kwenda Morogoro, dirisha linaonyesha kijani kidogo kisha basi. Kijani kile ni mabaki ya msitu wa pwani wa kale sana. Misitu ya aina hii imebaki vipandevipande kutoka Kenya hadi Msumbiji, na ndani yake wanaishi viumbe wasiopatikana kwingine duniani. Katika misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, nusu saa kutoka hapa mkibahatika na foleni, yupo komba mwingine, mdogo sana, anaitwa komba wa Rondo, kwa jina la uwanda wa Rondo kule Lindi. Uzito wake ni kama gramu 60. Shika yai moja la kuku mkononi: uzito wake ni karibu huohuo. Mkia wake umechanua kama brashi ya kusafishia chupa. Wanasayansi walimpa jina rasmi miaka ya 1990 tu, na baadaye akatajwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi duniani. Dunia nzima, hodi ya mlango wetu! Watu wanatoka Ulaya wanalala msituni na vinasa sauti ili wamsikie, na sisi tunaochoma mkaa wa miti yake hatujui kama yupo.

Simnyooshei kidole mchoma mkaa. Mkaa unaotoka kwenye misitu ile unapikia ugali wa mji huu, na gunia lake linanunuliwa na mimi na wewe. Ukuta uliochorwa hauzuii shoka. Mtu akiniambia rangi yangu haijaokoa mti mmoja Kazimzumbwi, nitakubali. Lakini najua pia kwamba hakuna kikao cha mtaa kilichowahi kumjadili mnyama ambaye wajumbe hawamjui, na hapo ndipo mchoraji anapoweza kusaidia.

Kule Pugu kuna machimbo ya zamani ya kaolini, ule udongo mweupe, na mahandaki yake yamejaa popo. Nimewachora pale kwenye kona, chini ya dirisha la darasa la tano. Kaolini hiyo ni aina ya udongo unaotiwa kwenye rangi za viwandani ili zijaze na zifunike vizuri. Kwa hiyo wanafunzi, mkimgusa popo yule mnagusa vitu viwili vyenye undugu.

Najua popo hapendwi. Baadhi ya wazazi walikuja kwa mwalimu mkuu wakiwa na wasiwasi. Niseme hili kwa heshima zote: milango yetu ya pwani, ile ya kuchongwa tunayojivunia, mingine ni ya mvule. Mvule haujipandi. Popo mkubwa wa matunda hula matunda yake, akaruka mbali, akaziangusha mbegu mahali ambapo mti mama haufiki. Popo akiondoka, mvule unabaki na watoto waliosongamana miguuni pake. Nimechora mlango wa kuchongwa, na juu yake popo anapita na tunda la mvule mdomoni. Sikupata njia nyingine ya kulieleza.

Bundi alinipa shida zaidi. Mwaka jana, mtaa mwingine, nilimwomba bibi mmoja ukuta wake wa nje. Akafurahi, akanipikia na chai. Nilipomaliza kuchora uso wa bundi mweupe, ule wenye umbo la moyo, bibi akatoka na upawa mkononi. "Mwanangu, umeniletea msiba mlangoni?" Nikashuka ngazi, nikakaa naye kwenye mkeka. Sikumwambia kwamba imani yake ni ujinga, maana hata mimi nimekulia ndani yake. Bundi akilia juu ya bati letu, mama alikuwa akitupa chumvi motoni. Nilimuuliza tu kuhusu panya. Bibi ana duka la nafaka. Akanihesabia magunia yaliyotobolewa. Nikamwambia bundi huyu chakula chake ni panya, usiku kucha, na akiwa na makinda anawapelekea panya bila kupumzika. Bibi akafikiri. Akasema, "Basi mchore na panya mdomoni, watu wajue amekuja kufanya nini." Nikachora panya. Bundi yupo mpaka leo, na bibi ndiye anayewaeleza wapita njia.

Halafu yuko kunguru. Nimeulizwa kwa nini sikumchora, wakati ndiye ndege tunayemwona kuliko wote, anayeiba maandazi na kunya kwenye nguo zilizoanikwa. Kunguru huyu mweusi mwenye shingo ya kijivu ni mgeni. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe taka, akavuka, akazaliana, na anakula mayai na makinda ya ndege wa hapa. Mwenyeji ni kunguru mwenye kifua cheupe, kama aliyevaa fulana. Wazee watakumbuka alivyokuwa mjini. Leo kumwona mpaka utoke nje kidogo. Huyo wa fulana nyeupe ndiye niliyemchora, pale juu ya lango, kwa sababu nataka mtoto akimwona siku moja Kisarawe aseme, "Huyu ni wa shuleni kwetu." Pembeni yake nimeweka chozi, yule mdogo anayenyonya maua kwa mdomo uliopinda, maana bado yupo, asubuhi ya leo alikuja kwenye maua ya mgomba wa mwalimu wa zamu wakati ninachora mbawa zake, nikalinganisha rangi papo hapo.

Wachoraji wenzangu, naomba tuwe makini na majina tunayowabandika wanyama. Mwaka 2012 Nairobi, mtaa wa Muindi Mbingu, mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji walichora mwanasiasa akiwa na kichwa cha tai mla mizoga. Ulikuwa ukuta wa ujasiri mkubwa, na ninauheshimu. Ila nilipouona nilimwonea huruma ndege. Tai wa mizoga Afrika wanapungua vibaya, wengi wakifa kwa sumu ambayo mfugaji ameiweka kwenye mzoga akimkusudia simba au fisi. Ndege yule husafisha mbuga bila mshahara na bila kuiba cha mtu. Tumemfanya tusi. Fisi hivyo hivyo, nguruwe pori hivyo hivyo. Lugha yetu ni tamu kwa mafumbo ya wanyama na sitaki tuiache, naomba tu kwamba kwa kila ukuta unaomtumia mnyama kumtukana binadamu, tuchore mmoja unaomweleza mnyama mwenyewe.

New York nako wamefanya kitu kilichonipa moyo. Tangu mwaka 2014, kwenye mitaa ya Harlem ya juu na Washington Heights, alikoishi na kuzikwa mchoraji wa ndege John James Audubon, wasanii wanachora ndege wa Amerika Kaskazini walio hatarini kwa mabadiliko ya tabianchi. Wengi wamechorwa kwenye mageti ya mabati ya maduka, yale ya kushusha. Mchana duka limefunguliwa, ndege amejikunja juu. Usiku mwenye duka akishusha geti, ndege anatokea. Nikafikiria Kariakoo saa mbili usiku, mageti yote yale yakishuka, na kwenye kila moja mnyama wa usiku! Hilo nalitaka kabla sijazeeka.

Niwape vijana mambo machache ya kazi, kwa sababu moyo bila plasta nzuri hauendi mbali. Ruhusa kwanza, ya mwenye ukuta na ya serikali ya mtaa, kwa maandishi. Kisha uliza kama barabara itapanuliwa. Ukuta wangu wa kwanza mkubwa, kenge na kaa wa mikoko, ulinichukua siku kumi na tisa. Wiki ya tano ukapigwa X nyekundu, katikati kabisa ya mgongo wa kenge, na mwezi uliofuata ukalala chini. Hakuna aliyekuwa ameniambia, nami sikuwa nimeuliza. Niliokota kipande kimoja chenye jicho, kipo nyumbani kwenye kabati la vyombo. Tangu hapo huuliza.

Chumvi ndiyo adui wa kuta za mji huu. Ukiona unga mweupe unatoka kwenye saruji, usipake. Kwangua, piga msasa, futa, acha ukauke, piga praima, subiri. Ukuta unaotazama magharibi utachujwa na jua, nyekundu ndiyo inakimbia kwanza, basi mchore huko mnyama wa kahawia. Rangi ya maji kwa eneo kubwa, rangi ya mafuta kwa macho na kucha. Na sehemu ya chini, kuanzia ardhini mpaka kifuani kwa mtoto wa darasa la pili, usiijaze. Hiyo ni yao. Hapa kwetu wamechora sange, yule mwenye pua ndefu kama mkonga anayechakura majani makavu msituni Pugu. Watu humdhani panya, kumbe kwa asili yuko karibu zaidi na tembo. Wanasayansi walipotaka jina la kumtenganisha na kirukanjia, yule mdogo anayefanana na panya, walilichukua kwenye lugha zetu za Kibantu, leo vitabu vya dunia vinamwita sengi. Wanafunzi wamemchora mara kumi na moja, na hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana viatu. Nimewaambia asiguswe.

Chini ya kila mnyama tumeacha kibao cheupe. Mzaramo anayejua jina la Kizaramo aje aliandike. Mmakonde, Mndengereko, Msukuma, vivyo hivyo. Bibi na babu zenu wana majina ambayo sisi tuliozaliwa lami hatukuyasikia. Rangi nyeusi na brashi nyembamba vitakuwa kwa mwalimu wa zamu mwezi mzima.

Kazi iliyobaki ni moja. Mmeona komba yule mkubwa hana macho. Nimeacha matundu mawili meupe. Mzee mlinzi anasema ukimmulika macho hugeuka makaa ya moto, na kila rangi niliyojaribu ameikataa. Basi leo jua likizama, saa kumi na mbili na nusu, atakuja na tochi yake mpaka chini ya ule mwembe wa nyuma ya vyoo, tutangoja kimya mpaka mmoja atoke. Darasa la nne wana kopo la njano na kopo la nyekundu. Watachanganya kidogo kidogo, na mzee atatuambia tukifika.

Ahsanteni sana.